Nani Apite, Nani Abaki Nje

Kulikuwa na wakati ambapo folda haikuwa kitu cha kutengeneza ukijisikia. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson alikuwa na mashine ya PDP-7 yenye kumbukumbu ya maneno 8,192 ya biti 18. Mfumo aliouandikia mashine hiyo ulijua kuingia ndani ya folda na kuisoma, lakini haukuwa na namna ya kuunda folda mpya wakati kazi inaendelea. Folda zote zilizaliwa kwa mkupuo, pale mfumo wa faili ulipojengwa upya kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Dennis Ritchie, aliyekuwa naye pale, alikuja kueleza miaka kumi baadaye kwamba folda zilikuwa rasilimali isiyorudishika, kama madini.

Mimi nalipwa kwa kutunza seva. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni skripti zinazoamka usiku, zikapita folda hadi folda na kuihoji kila faili: wewe ni wa nani, na nani anaruhusiwa kukusoma? Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hukariri namba za ruhusa, 755 na 644, bila kuuliza namba hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwa watu waliobanwa na diski ndogo, na waliopatwa na mikasa. Na kila ninavyoisoma historia hiyo naona kosa lilelile la kufikiri likijirudia. Watu wanadhani ruhusa ni sifa ya faili, kumbe nusu ya ruhusa, tena ile nusu nzito, iko kwenye folda.

Mkasa wa kwanza ulitokea kabla ya Thompson na mashine yake. Chuo cha MIT kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, kazi ya Fernando Corbató na wenzake, ambao ulioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji alikuwa na folda yake, ngazi moja tu, na nywila ya kuingilia. Katikati ya miaka ya 1960, siku moja, watu wakawa wanaingia kwenye mfumo, na badala ya kusalimiwa na tangazo la siku wanachapiwa orodha ya nywila za watumiaji wote. Hakuna aliyevunja kitu. Programu ya kuhariri ilikuwa inaweka faili ya muda yenye jina lilelile siku zote, ndani ya folda ya anayehariri, kwa kuamini kwamba folda moja haiwezi kuwa na watu wawili kwa pamoja. Wasimamizi wa mfumo walikuwa wamejiondolea kizuizi hicho ili wafanye kazi haraka. Wawili wakakutana humo humo, mmoja akihariri tangazo na mwingine akihariri nywila, na faili zao za muda zikabadilishana nafasi. Corbató aliusimulia mkasa huo mwenyewe alipopewa tuzo ya Turing ya mwaka 1990, na mimi huusimulia kila nikipata nafasi, kwa sababu kosa halikuwa kwenye faili ya nywila hata kidogo. Lilikuwa kwenye chumba walichogongana.

Waliofuata walitaka kuyamaliza mambo hayo kwa ukamilifu. Mwaka 1965 R. C. Daley na P. G. Neumann walichapisha maelezo ya mfumo wa faili wa Multics, na humo ndimo wazo la folda ndani ya folda, mti unaoota kutoka mzizi mmoja, lilipopata sura tunayoijua. Kila faili ilikuwa iwe na orodha ya majina ya watu, na kwa kila jina sifa tano zinazowashwa au kuzimwa: kunasa, kusoma, kutekeleza, kuandika, na kuongeza mwishoni. Ni ubunifu mzuri sana. Ulihitaji mashine kubwa, fedha nyingi na subira, na maabara za Bell, zilizokuwa zikishiriki mradi huo, ziliishiwa subira mwaka 1969 zikajitoa.

Thompson, Ritchie na Rudd Canaday wakabaki na ubao, chaki na vipande vya karatasi, wakachora mfumo wao wa faili kabla hata ya kupata mashine ya kuuwekea. Mti wa Multics waliupenda, ila mwanzoni hawakuupata wote. Kwenye PDP-7 hapakuwa na njia ndefu yenye mikwaju kama tunavyoandika leo. Jina lolote ulilotaja lilitafutwa ndani ya folda uliyosimama, basi. Palikuwa na folda iliyoitwa dd, iliyoshika viungo vya folda za watumiaji wote, na aliyetaka faili ya mwenzake alilazimika ama kwenda huko kupitia dd, ama kuivutia faili kwake kwa kiungo. Mkwaju na njia kamili vilikuja na mashine iliyofuata, PDP-11.

Mwongozo wa kwanza wa mfumo wao, Unix, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na ukiufungua kwenye amri ya chmod utakuta ruhusa chache kuliko za leo. Mwenye faili anaweza kusoma, anaweza kuandika. Asiye mwenye faili, vivyo hivyo. Biti moja inasema faili hii ni programu inayoweza kuendeshwa, na nyingine moja nitaifikia baadaye. Kundi halimo. Dunia ilikuwa na aina mbili za watu, mimi na wengine. Ukiwa na wafanyakazi wenzio wachache wanaojuana kwa majina, hiyo inatosha.

Ipo njia rahisi ya kuona namna ofisi ile ilivyokua. Ritchie na Thompson walichapisha makala yao mashuhuri juu ya Unix mwaka 1974, na humo wanasema faili ina biti saba za ulinzi, sita za kusoma, kuandika na kutekeleza kwa mwenyewe na kwa wengine wote, na ya saba ya pekee. Makala hiyo ikachapishwa tena mwaka 1978 ikiwa imerekebishwa, na sasa biti ni kumi. Zilizoongezeka ni tatu, za kundi. Idara zilikuwa zimeingia, na miradi, na watu wanaotakiwa kushirikiana wao kwa wao bila kumfungulia kila mpita njia. Aliye nje ya kompyuta angeandika kitabu kizima kueleza ofisi ilivyobadilika katika miaka minne, na hapa imeandikwa kwa biti tatu.

Kwa nini tatu, wasirudishe tu orodha ya majina ya Multics? Kwa sababu ya nafasi. Kwenye toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, kumbukumbu ya kila faili kwenye diski, ile inayoitwa inodi, ilikuwa na baiti 32 tu kwa kila kitu: mwenyewe, kundi, ukubwa, mahali data ilipo, saa. Aina ya faili na ruhusa zake zilipewa neno moja la biti 16. Tisa za ruhusa, tatu za mambo maalumu, nne zilizobaki za kueleza hali ya faili, mathalani kama ni folda au kifaa. Likajaa pomoni. Namba za 755 ni biti hizo tisa zikisomwa tatu tatu, na hazikuwa na pa kukulia.

Kuna jambo kuhusu biti hizo ambalo hata wengi waliofanya kazi hii kwa miaka hawalijui. Mfumo haujumlishi ruhusa. Unauliza kwanza: huyu ndiye mwenyewe? Ikiwa ndiye, zinatazamwa biti za mwenyewe peke yake, hata kama zinamnyima. Faili yenye 0077 inamfungia nje mwenyewe na kuikaribisha dunia nzima. Na faili yenye 0604 inasomwa na mwenyewe na kila mtu, isipokuwa wale wa kundi lake. Nimekutana na skripti nyingi zinazopima ruhusa kwa kuchukua zile namba na kuzichanganya kwa hesabu zao wenyewe, na karibu zote zinakosea hapo.

Sasa folda. Kwenye Unix folda ni faili yenye orodha tu: namba ya inodi, jina, namba, jina. Kwenye toleo la sita kila mstari ulikuwa na baiti 16, mbili za namba na 14 za jina, ndiyo maana majina ya zamani ni mafupi kama telegramu. Biti zilezile tatu zikawekwa juu ya orodha hiyo, na maana zake zikageuka. Kusoma folda ni kuona majina. Kuandika ni kuongeza au kuondoa majina. Na kutekeleza, ambayo kwa orodha haina maana yoyote, ikapewa kazi mpya: kupita. Fikiria nyumba ya kupanga ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Kuna anayeruhusiwa kusimama mlangoni na kusomewa majina ya wapangaji wote bila kukanyaga ndani. Kuna mwingine anayeruhusiwa kupita ukumbini hadi chumba anachokijua, lakini hataambiwa vyumba vingine vina nani. Hizo ni ruhusa mbili tofauti, na Unix ilizitenganisha.

Matokeo yake yanawashangaza wengi. Faili inaweza kuwa yako kabisa, yenye ruhusa zote, na usiifikie kwa sababu folda ya tatu juu yake haikuruhusu kupita. Na kinyume chake: faili inaweza kuwa ya mtu mwingine, imefungwa hata kusomwa, na wewe ukaifuta, kwa sababu kufuta ni kufuta mstari kwenye orodha, na orodha ni ya folda. Faili haiulizwi. Kwa miaka mingi folda ya /tmp, ambayo kila mtu lazima aweze kuandika ndani yake, ilikuwa mahali ambapo yeyote aliweza kufuta cha yeyote. Dawa ilikuja na 4.3BSD, toleo la Unix la mwaka 1986 kutoka chuo cha Berkeley, pale walipochukua biti moja ya zamani iliyokuwa na kazi nyingine kabisa, ya kubakiza programu kwenye diski ya kubadilishia, wakaipa maana mpya kwenye folda: humu, atakayefuta jina ni mwenye faili au mwenye folda. Biti haikuongezwa, maana nafasi hapakuwa. Iliazimwa.

Ile biti ya saba niliyoiahirisha ndiyo iliyompatia Ritchie hataza, namba 4,135,240, iliyoombwa Julai 1973 na kutolewa Januari 1979, kisha ikaachiwa umma. Inasema: programu hii, yeyote akiiendesha, iende kwa jina la mwenye programu badala ya jina la anayeiendesha. Hivyo mtu anaweza kubadili nywila yake kwenye faili ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kuigusa. Katika makala ya 1974 mfano mmojawapo wa faida yake ni mchezo wa MOO na hesabu za alama zake. Naipenda sana habari hiyo. Moja ya nyenzo nzito kabisa za usalama wa kompyuta ilitetewa kwa kutaja watu wasiibe alama kwenye mchezo.

Nyenzo hiyo ilileta swali ambalo bado halijatulia. Programu inayoendeshwa kwa jina la mtumiaji mkuu inaruhusiwa kila kitu, na mtumiaji mkuu hazuiwi na biti yoyote ya kusoma wala kuandika. Basi ikiombwa na mtu wa kawaida ifungue faili, itajuaje kama mtu huyo angeruhusiwa? Ikabuniwa amri ya mfumo ya access, inayouliza kwa jina halisi la aliyeketi kwenye kiti. Programu ikawa inauliza kwanza, ikijibiwa ndiyo, inafungua. Ni adabu nzuri, na ni mtego. Kati ya kuuliza na kufungua kuna muda, mfupi mno, lakini upo, na mwenye folda anaweza kuutumia kubadilisha kile ambacho jina linaelekeza. Mwaka 1993 ilibainika kwamba xterm, dirisha la maandishi lililokuwa kwenye mashine nyingi za Unix duniani, lilikuwa na shimo hilo hilo kwenye sehemu ya kuandika kumbukumbu: inakagua faili yako, wewe unaiondoa na kuweka kiungo kinachoelekea kwenye faili ya nywila, nayo inaandika humo kwa mamlaka ya mkuu. Mwaka 1996 Matt Bishop na Michael Dilger waliandika uchambuzi wa aina hiyo ya kosa, na mfano wao ulikuwa xterm. Kosa limerudi palepale. Walioandika programu walikagua faili, wakasahau kwamba jina linakaa kwenye folda, na folda ina mwenyewe.

Kutembea folda nako kuna historia yake. Amri ya find iliandikwa na Dick Haight wa maabara hizohizo katikati ya miaka ya 1970, pamoja na cpio, kwa ajili ya mradi wa Programmer's Workbench. Sarufi yake haifanani na amri yoyote nyingine ya Unix, na watu wamelalamika tangu siku hiyo hadi leo huku wakiitumia kila siku. Wengine wote waliotaka kutembea folda kwa programu zao wenyewe walifungua folda kama faili na kusoma baiti 16, baiti 16. Kisha mwaka 1983 ikaja 4.2BSD. Majina yakaruhusiwa kufika herufi 255, mistari ya orodha ikawa na urefu tofauti, na programu zote zilizohesabu kwa 16 zikasoma upuuzi. Ndipo opendir na readdir zilipoingia, ili mwandishi wa programu asijue tena orodha imepangwaje ndani. Toleo hilohilo lilileta viungo laini, na pamoja navyo uwezekano wa folda kuelekea kwa babu yake, na programu inayotembea ikazunguka pasipo mwisho. Kila chombo cha kutembea kilichoandikwa baada ya hapo kimelazimika kuamua: nifuate viungo, nisifuate?

Perl, lugha ya programu ambayo Larry Wall aliitoa Desemba 1987, iliyaleta maswali yote mezani kwa herufi mojamoja: -r, yasomeka? -w, yaandikika? -d, ni folda? Ni fupi, na zinavutia, na kizazi changu kilijifunzia hapo. Maelezo ya Perl yenyewe yanakiri kwamba vipimo hivyo kwa kawaida hutazama biti tu, kwa hiyo vinaweza kusema ndiyo kwenye diski iliyofungwa isiandikwe.

Kwenye lugha ya Python mambo yalienda hatua kwa hatua. Awali palikuwa na os.path.walk, iliyokutaka uipe kazi ya kuita kila ifikapo kwenye folda. Ni chombo kigumu kutumia na kilitolewa kabisa kwenye Python 3.0. Mwaka 2003 toleo la 2.3 lilileta os.walk, unayoizungusha kwa mistari miwili. Ilikuwa na uzembe mmoja ndani. Ilichukua majina kutoka kwenye orodha, kisha ikarudi kwa kila jina kuuliza, wewe ni folda? Mifumo mingi ilikuwa imeshalitoa jibu hilo pamoja na jina, likatupwa. Ben Hoyt aliliona, akapendekeza os.scandir, ikaingia kwenye Python 3.5 mwaka 2015, na os.walk ikawa na kasi mara mbili hadi tatu kwenye Linux na jamaa zake, na mara nane hadi tisa kwenye Windows. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba usahihi nao uliongezeka. Kwenye folda unayoruhusiwa kuisoma lakini si kuipita, os.walk ya zamani iliuliza kila jina, ikanyimwa jibu, na ikaziorodhesha folda za ndani kama faili za kawaida.

Jambo ambalo halikubadilika ni ukimya. Ukiendesha find kwenye folda iliyofungwa, inakupigia kelele mstari kwa mstari kwamba ruhusa imekataliwa. os.walk huiruka folda hiyo na kuendelea kana kwamba haikuwepo, isipokuwa umeipa kazi kupitia onerror. Taasisi moja iliwahi kuniita nikague bakapu zao. Zilikuwa zinaisha salama kila usiku, taarifa zote za kijani. Folda ya mhasibu aliyestaafu ilikuwa 0700, kwa jina lake, na skripti ilikuwa inaendeshwa kwa jina lingine. Hakuna hata hati moja ya mhasibu yule iliyokuwa kwenye bakapu, na hakuna mashine iliyosema neno. Mwandishi wa skripti ile alikuwa makini, tena alikuwa amepima kila faili kwa os.access kabla ya kuinakili. Faili alizipima. Ila zile za mhasibu hazikufika mbele yake zikapimwa.

Tangu 2012 Python ina os.fwalk, inayoshika folda yenyewe ikiwa wazi badala ya kushika jina lake, ili mtu asiibadilishe katikati ya safari, na Linux ya mwaka 2020 imeongeza openat2, ambayo programu inaweza kuiambia isivuke nje ya folda iliyopewa hata ikikuta kiungo. Natumia ya kwanza. Skripti zangu haziulizi ruhusa kabla. Zinafungua, na zikikataliwa zinaandika. Kwenye onerror naweka mistari michache tu: jina la folda, jina la mwenye folda, na namba ya kosa. Namba hiyo kwa kawaida ni 13, na ilikuwa 13 hivyo hivyo kwenye mwongozo wa toleo la sita, mwaka 1975.